Wima Nne: mwongozo kamili wa kupanga, kusoma na kutupa pasi ndefu katika futiboli ya Kimarekani

Anayetazama futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza akiona wapokeaji wanne wakitimua mbio moja kwa moja kuelekea endizoni (eneo la kufungia alama mwishoni mwa uwanja), hudhani kwotabeki, yule anayetupa pasi, anabahatisha: anaurusha mpira mbali na kuomba Mungu. Kumbe mchezo huo, yaani mpango mmoja wa shambulizi, ambao Wamarekani huuita Four Verticals na hapa nitauita Wima Nne, ni kati ya michezo yenye hesabu kali kuliko yote. Mwongozo huu ninawaandikia kocha wa vijana, mzazi ambaye mwanawe ameingia timu ya shule kule Texas au Minnesota, na shabiki anayekesha kutazama NFL, ligi kuu ya kulipwa, bila kuelewa kwa nini mtu ameachwa peke yake yadi 20 mbele.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba Wima Nne inashinda kwa upana. Mbio za mbele zinawalazimisha mabeki warudi nyuma, lakini kinachowaumiza ni nafasi iliyopo kati ya mkimbiaji mmoja na mwenzake. Timu inayokimbia mbali bila kuachana vizuri inawarahisishia mabeki kazi, kwa sababu beki mmoja atawakaba watu wawili bila kutoka jasho.

Ilikotoka

Mwaka 1978 NFL ilibadili mambo mawili. Beki alikatazwa kumsukuma mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, pale mpira unapowekwa, na wachezaji wa safu ya mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono wanapomlinda kwotabeki. Mwaka huohuo kocha Don Coryell alichukua timu ya San Diego Chargers, na mashambulizi yake ya pasi yakashika kasi. Kwotabeki wake, Dan Fouts, aliongoza ligi kwa yadi za pasi miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mwaka 1981 peke yake alifikisha yadi 4,802. Msingi ulikuwa umewekwa na Sid Gillman, aliyeinoa timu hiyohiyo miaka ya 1960 na kufundisha kwamba uwanja mzima, urefu na upana wake, unapaswa kutumiwa katika kila pasi. Coryell aliongeza jambo moja ambalo mpaka leo ndiyo siri ya njia za ndani: alimchukua Kellen Winslow, mtu mkubwa wa nafasi ya taitiendi (mwishoni mwa safu ya mbele), akamtoa karibu na safu ya mbele na kumkimbiza mbele kama mpokeaji. Lainibeka, mlinzi mzito anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi, hakuweza kwenda naye mbio, na beki hakuweza kumzidi nguvu.

Baadaye makocha Hal Mumme na Mike Leach, wakianzia chuo kidogo cha Iowa Wesleyan mwaka 1989, waliuweka Wima Nne ndani ya mfumo wao wa pasi nyingi uitwao Air Raid na kuupa namba: Sita. Kwao haukuwa mchezo wa kubahatisha wakati wa shida, walikuwa wakiuita tena na tena ndani ya mechi moja.

Hatua ya kwanza: pima uwanja kabla ya kuchora chochote

Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49. Upana huo haubadiliki kutoka sekondari hadi NFL. Kinachobadilika ni heshi, yaani vile vistari vifupi vya katikati ambako mpira huwekwa kabla ya kuanza. Sekondari heshi zinagawa uwanja mafungu matatu sawa. Vyuoni kila heshi iko yadi 20 kutoka mstari wa pembeni, na kati yake kuna yadi 13 na theluthi. NFL zimesogezwa sana katikati, zimeachana futi 18 na nusu tu, chini kidogo ya mita 6.

Tuchukue uwanja wa chuo, kwa sababu unaonyesha hesabu waziwazi. Wapokeaji wa pembeni wakimbie wakiwa yadi 7 kutoka mstari wa pembeni. Huhitaji tepu ya kupimia, kwani ndipo sehemu ya chini ya namba zilizochorwa uwanjani inapoishia. Wapokeaji wa ndani wakimbie juu ya heshi. Sasa hesabu kutoka kushoto: mkimbiaji wa kwanza yuko kwenye yadi ya 7, wa pili ya 20, wa tatu ya 33, wa nne ya 46. Kati ya kila mmoja na jirani yake kuna takriban yadi 13. Beki mmoja wa nyuma hawezi kuifunika nafasi hiyo mpira ukitupwa kwa wakati.

Ukihamia uwanja wa NFL bila kubadili kitu, mchezo unakufa. Heshi zake ziko yadi 3 tu kutoka katikati, hivyo beki wa mwisho akisimama katikati anawafikia wakimbiaji wote wawili wa ndani kwa hatua chache. Ndiyo maana kwenye NFL wapokeaji wa ndani hukimbia nje ya heshi kwa yadi kadhaa. Kocha wa sekondari ana shida iliyo kinyume: heshi zake ziko mbali, na mpokeaji anaweza kuingia ndani ya heshi kidogo bila kuharibu.

Pima pia mahali mpira ulipo. Ukiwa heshi ya kushoto katika uwanja wa chuo, na kwotabeki amesimama yadi 7 nyuma, pasi ya yadi 20 kwa mpokeaji wa pembeni kushoto inasafiri hewani karibu yadi 30. Pasi ya yadi hizohizo 20 kwa mpokeaji wa pembeni kulia inasafiri karibu 38. Kijana wa miaka 16 akiitupa hiyo ya pili, mpira utaelea na beki atakuwa na muda wa kufika. Kwa vijana mimi huifuta kabisa pasi hiyo: ukiwa heshi ya kushoto, wa pembeni kulia anakimbia kumvuta beki wake, basi.

Hatua ya pili: wapange

Mpango rahisi wa kuanzia ni wawili kila upande: mmoja pembeni na mmoja ndani. Raningibeki, yule anayebeba mpira kwa mbio, asimame kando ya kwotabeki, na kwotabeki asimame nyuma kidogo, asianzie miguuni mwa senta, yule wa katikati ya safu ya mbele anayeanzisha mpira. Mpokeaji wa ndani aanzie karibu na njia yake. Akianzia mbali, itambidi akimbie mshazari, na muda unapotea.

Chagua mapema mmoja wa wapokeaji wa ndani awe mpindaji. Huyu pekee ndiye mwenye ruhusa ya kuacha heshi yake na kukata kuelekea katikati. Mwenzake wa ng'ambo hatoki kwenye njia yake hata kukitokea nini. Wote wawili wakiruhusiwa kupinda, siku moja watagongana, na kwotabeki hatajua amtegemee nani.

Hatua ya tatu: kanuni za wakimbiaji

Wa pembeni kazi yake ni kumpita beki akiwa bado na nafasi upande wa nje. Beki atajaribu kumsukumia kwenye mstari, na akifaulu mpira hauna pa kuangukia. Kwa hiyo mpokeaji aking'ang'anie kile kipande cha yadi 7 kwa bega na kiuno. Akifika yadi 10 hadi 12 ajiulize swali moja: nimemfikia beki bega kwa bega, au bado yuko mbele yangu? Akiwa amemfikia, aendelee mbele. Beki akiwa bado yuko juu, akimbie hadi yadi 14 kana kwamba anaendelea, kisha afunge breki na kurudi kwenye yadi 12, akigeukia mstari wa pembeni. Kanuni hii ndiyo inayofanya mchezo uwe salama, kwa maana beki anayeogopa urefu atalipa kwa pasi fupi, na anayekaa karibu atapitwa.

Wa ndani asiye mpindaji ana kanuni fupi: pita kandokando ya lainibeka bila kupunguza mwendo, rudi juu ya heshi, na kichwa kigeuke mara tu unapompita. Mpira wake ni wa haraka kuliko yote, kwa hiyo akichelewa kutazama utampiga mgongoni.

Mpindaji ndiye mchezaji mwenye kazi ya akili, na hapa nashauri utumie muda mwingi. Akikimbia ahesabu mabeki wa mwisho walio katikati ya uwanja. Akiona mmoja amesimama katikati, abaki kwenye heshi yake, kwa sababu akiingia katikati atakuwa anampelekea beki zawadi. Akiona wawili wameachana na katikati pako wazi, akifika yadi 10 au 12 apinde na kukata mbele ya nyuso zao, akiwa amempita lainibeka wa kati kwa nyuma, wala asipande zaidi ya yadi 18 au 20. Kupinda huku si kona kali ya mguu mmoja. Ni mkato wa polepole ambao hauondoi kasi.

Hatua ya nne: macho ya kwotabeki

Kabla mpira haujaanzishwa, kwotabeki ahesabu walioko nyuma kabisa. Kisha mpira ukianzishwa athibitishe, maana mabeki hujificha: wawili wanaweza kuonekana nyuma halafu mmoja akashuka mara tu mchezo unapoanza. Hatua tatu za kurudi, kuruka kidogo mbele, na mpira utoke. Akishika mpira kupita sekunde tatu, ujue amepotea kwenye kusoma.

Dhidi ya Kava 3 (kava ni mpangilio wa ulinzi, na namba ni idadi ya mabeki walio nyuma) mabeki watatu wamegawana sehemu ya nyuma: wawili pembeni, mmoja katikati. Wale wa pembeni wanashughulika na wapokeaji wa pembeni, na yule wa katikati amebaki na wakimbiaji wawili wa ndani. Mshika mawili moja humponyoka. Kwotabeki amtazame mpokeaji wa ndani wa upande mmoja kwa hatua zote tatu mpaka beki aanze kusogea huko, kisha ageuke na kumtupia wa upande wa pili. Yadi hizo 13 kati ya heshi na heshi ndizo zinazompa nafasi. Kwotabeki asiyejua kudanganya kwa macho atakuta beki amesimama katikati kabisa, anamsubiri.

Makocha wa ulinzi waliliona tatizo hilo mapema. Nick Saban, alipokuwa mratibu wa ulinzi wa Cleveland Browns chini ya Bill Belichick kuanzia 1991 hadi 1994, alishiriki kuunda namna ya Kava 3 ambamo walinzi wa chini, yaani walio karibu na mstari wa kuanzia, hawabaki kulinda eneo tupu. Mpokeaji wa ndani akienda mbele, mlinzi wa upande wake anamfuata mpaka mwisho. Ukikutana na hiyo, umegeuziwa mchezo kuwa mtu kwa mtu, na chini hakuna aliyebaki. Raningibeki ndiye anayekula.

Dhidi ya Kava 2 wawili wako nyuma na mabeki wa pembeni wanakaa chini. Kwotabeki amtazame beki wa mwisho wa upande wa mpindaji. Akitanuka kwenda kumsaidia wa pembeni, mpindaji yuko wazi katikati. Akibaki ndani kumsubiri mpindaji, kuna tundu kati yake na beki wa pembeni, kama yadi 16 hadi 18 kutoka mstari wa kuanzia, karibu na mstari wa pembeni. Tundu hilo hufunga upesi, hivyo mpira uende kwa nguvu. Kuna timu humrudisha lainibeka wa kati nyuma kabisa ili kuziba pale katikati. Akikimbia nyuma huyo, tena ni raningibeki.

Dhidi ya Kava 4 usilazimishe. Wanne nyuma dhidi ya wanne wanaokimbia, mabeki wana hesabu sawa na yako. Hapa ndipo ile kanuni ya kurudi kwenye yadi 12 inapookoa. Nimeona makocha wakiacha kuuita Wima Nne kabisa kwa kuogopa Kava 4, na naona wanakosea, kwa sababu beki anayerudi nyuma kila mara anakuachia yadi 12 bure.

Dhidi ya mtu kwa mtu, tafuta pambano unalolitaka. Ikiwa hakuna beki wa akiba nyuma, maana yake wapinzani wanakuja wengi kumvamia kwotabeki. Mpira utoke mapema kwa mpokeaji wa ndani aliyekabwa na mtu mzito. Kanuni kwa wapokeaji wa ndani: lainibeka aliye mbele yako akiondoka kwenda kumvamia kwotabeki, geuza kichwa papo hapo.

Hatua ya tano: mipira mitatu tofauti

Wima Nne haina pasi moja. Wa ndani anataka mpira ulionyooka, unaopita juu ya mikono ya lainibeka na kufika kabla beki wa mwisho hajashuka, kati ya yadi 18 na 22. Ukielea, mpokeaji atagongwa vibaya kifuani, na hilo ni suala la usalama. Wa pembeni aliyempita beki wake anataka mpira wenye upinde, unaotua mbele yake upande wa mstari.

Wa tatu ni ule wa bega la nyuma, wa kumtupia mpokeaji ambaye hajampita beki. Unalengwa pale beki hawezi kuona kwa kuwa anakimbia akimtazama mtu, si mpira. Mfano mzuri kuliko wote ulitokea Lubbock, Texas, tarehe 1 Novemba 2008. Timu ya chuo cha Texas Tech, ya Mike Leach, ilikuwa nyuma kwa alama moja, 32 kwa 33, dhidi ya Texas iliyokuwa namba moja nchini. Zilibaki sekunde 8 na mpira ulikuwa kwenye yadi ya 28 ya Texas. Wangeweza kupiga fildigoli, yaani teke la kupitisha mpira golini kwa alama tatu. Badala yake ukaitwa Sita. Mabeki wa Texas walirudi nyuma kulinda endizoni, na kwotabeki Graham Harrell akautupa mpira kwa mpokeaji Michael Crabtree upande wa kulia, nyuma ya bega. Crabtree alisimama, akageuka, akaudaka karibu kabisa na mstari wa pembeni, akajing'oa mikononi mwa beki na kuingia endizoni ikiwa imebaki sekunde moja. Mechi iliisha 39 kwa 33. Ukiitazama tena picha hiyo, mwangalie Crabtree kabla ya kudaka: hakulazimisha kumpita beki, alisoma kwamba beki yuko juu na akapunguza mwendo. Ni ile kanuni ya yadi 12, ikitumika chini ya shinikizo kubwa kuliko lolote.

Hatua ya sita: ulinzi wa kwotabeki

Watano wa mbele na raningibeki hufanya sita. Raningibeki atazame kwanza kama kuna lainibeka anayekuja. Asipokuja mtu, atoke katikati yadi 4 hadi 6, ageuke na asimame. Asikimbilie pembeni. Katikati ndipo wakimbiaji wanne wamepasafisha, na akipokea pale ana uwanja mbele yake.

Mazoezi

Weka koni kwenye njia zote nne, kila yadi 5, kutoka mstari wa kuanzia hadi yadi 25. Siku ya kwanza watembee bila mpira. Kisha wakimbie, kila mpokeaji akitupiwa na mtu wake, wakwotabeki na makocha wakisimama kwa safu, ili kila mbio iishe kwa kudaka. Baada ya hapo weka beki mmoja tu, yule wa katikati, na umruhusu achague upande. Kwotabeki ajifunze kumhamisha kwa macho. Zoezi hili la watu wanne ndilo ninalolirudia kuliko yote, na halihitaji helmeti wala pedi. Mwisho leta mabeki wawili na umfundishe mpindaji kuhesabu: kocha asimame nyuma na kumwambia beki mmoja ashuke au abaki baada ya mpira kuanza, mpindaji aamue akiwa mbioni.

Kasoro zinazojirudia ni chache. Mpokeaji wa ndani huvutwa katikati bila kujua, hasa akiwa amechoka, na yadi 13 zinageuka 8. Wa pembeni wa upande wa mbali huacha kukimbia kwa kuwa anajua hapewi mpira, na beki wake anaondoka kwenda kusaidia. Kwotabeki humkazia macho mtu anayempenda. Ukirekodi mazoezi kwa simu kutoka nyuma ya kwotabeki, juu kidogo, makosa haya matatu utayaona dakika ileile.

Mabadiliko ya baadaye

Wakishauzoea, wabadilishane njia: wa pembeni aingie ndani na wa ndani atoke nje, wakipishana ndani ya yadi 5 za mwanzo. Kocha Mouse Davis alilifanya hilo kuwa silaha kubwa ya mfumo wake alipokuwa chuo cha Portland State kuanzia 1975 hadi 1980. Mabeki wa mtu kwa mtu hugongana, na wa eneo huchelewa kukabidhiana. Unaweza pia kupanga watatu upande mmoja na mmoja upande wa pili. Hapo yule wa ndani kabisa kati ya wale watatu avuke uwanja mpaka heshi ya ng'ambo, na mgawanyo wa njia nne unabaki uleule.

Kwa wanaocheza futiboli ya bendera (mlinzi huvuta kitambaa kiunoni badala ya kuangusha mtu) ya watano kwa watano, ile itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, uwanja una upana wa yadi 25 tu. Nne hazitoshei. Kimbiza watatu: wawili yadi 4 kutoka mstari kila upande na mmoja katikati, wa nne abaki chini.

Wima Nne uite ukiwa katikati ya uwanja, kwenye dauni (jaribio la kusogeza mpira) ya kwanza au ya pili, wakati mabeki wanategemea mbio za raningibeki. Kwenye dauni ya tatu na yadi nyingi wanakusubiri nyuma, na hapo tegemea zile yadi 12 na raningibeki. Kuanzia yadi ya 25 ya wapinzani kwenda mbele bado unafaa, ukimtegemea zaidi wa pembeni na bega la nyuma. Ukishavuka yadi ya 12 uuweke kando, kwa sababu mstari wa mwisho wa endizoni unawafanyia mabeki kazi ya beki wa kumi na mbili.